Ukipewa kazi ya kuandaa zoezi la maafa la nchi tatu Ziwa Victoria

Barua ya uteuzi ikishafika mezani kwako, watu wataanza kukuuliza bajeti na jina la mgeni rasmi. Hayo yaweke kando kidogo. Anza na neno lenyewe, "zoezi".

Nasema hivi kwa sababu lilitukuta. Hapa kwetu Tanzania neno hilo limebeba mizigo miwili. Lipo zoezi la kujipima, na lipo lile la redioni siku chombo kimezama kweli: "zoezi la uokoaji linaendelea". Zoezi la uandikishaji, zoezi la usafi, zoezi la kuopoa miili, zote hizo ni kazi za kweli. Sasa asubuhi moja tukiwa na boti za nchi tatu majini mbele ya Mwanza, mtangazaji alisoma taarifa yetu kama tulivyoiandika sisi wenyewe: "Zoezi la uokoaji linaendelea ziwani." Haikupita nusu saa, akina mama walikuwa wamejaa mwaloni Kirumba, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, mikono kichwani, wakiuliza ni boti gani. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na simu mbili mkononi, anapiga hii, anapiga ile. Mume wake alikuwa ametoka usiku kuvua dagaa. Nilimshika mkono nikamweleza kwamba hakuna ajali. Hakuniamini mpaka aliposikia sauti ya mumewe mwenyewe.

Mji huu usiutishe bure. Sisi wenye umri wangu tunaikumbuka 21 Mei 1996, MV Bukoba ikitokea Bukoba na Kemondo, imebakiza safari fupi kufika hapa, ikapinduka na kuondoka na mamia ya ndugu zetu. Wakati huo nilikuwa kijana, na mlango wa tatu kutoka kwetu walianua matanga mawili kwa wiki moja. Kwa hiyo siku hizi taarifa zetu zinasomeka "mazoezi ya majaribio, hakuna ajali iliyotokea", na hatutegemei redio pekee. Siku tatu kabla tunapita mialoni na kipaza sauti, tunawaomba mashehe na wachungaji watangaze, na asubuhi ya siku yenyewe tunarudia tena. Wenzetu wa Kisumu na Entebbe wanafanya hivyo hivyo upande wao, siku ile ile, kwa lugha za mialo yao.

Kaa mwaloni kabla hujakaa ukumbini

Nilianza kazi kama msikilizaji wa redio za meli, ndipo baadaye nikaingizwa kwenye uratibu. Mazoezi yangu mawili ya kwanza niliyaanzia kwenye ukumbi wa hoteli. Tulichora mishale kutoka wizara hadi wizara, kutoka nchi hadi nchi, mchoro ukapendeza. Mvuvi hakuwemo hata kwenye kona.

Tazama yaliyotokea ziwani kwetu. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliofariki walikuwa 228, waliookolewa 41. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyobeba watu 43 ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, 19 wakafariki na 24 wakatoka hai. Mara zote mbili waliotangulia kufika walikuwa watu wa mitumbwi, wenye makasia na kamba, wasio na sare. Saa ya kwanza ni yao. Ukiandaa zoezi ambalo mvuvi amesimama pembeni akitazama, umepima kitu ambacho siku ya ajali hakitatokea.

Basi fanya hivi. Nenda Igombe, nenda Kayenze, vuka mpaka Ukara ukiweza, uwaulize wavuvi kumi kumi: "Ukiona boti imepinduka sasa hivi, unampigia nani?" Usiwasaidie jibu. Mimi nilitegemea kusikia 114 ya Zimamoto au 112 ya Polisi. Wengi waliniambia wanampigia mwenye mtumbwi, yaani tajiri wao aliyeko nchi kavu. Wengine mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Mzee mmoja wa Kayenze akaniambia, "Mama, mimi simu naiacha nyumbani, ikiingia maji nani ataninunulia nyingine?" Majibu hayo ndiyo ramani yako. Njia ya taarifa huanza kwa tajiri wa mtumbwi, na huyo lazima awemo kwenye zoezi kwa jina na namba yake. Vilevile nunua vifuko vya simu visivyoingiza maji uwagawie. Ni vya bei ndogo, na ndiyo fedha ninayoona ilitumika vizuri kuliko zote nilizowahi kusaini.

Halafu pangeni tarehe kwa kuangalia mwezi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, maana taa zao hazivuti dagaa mwezi ukiwa mpevu. Mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika na mitumbwi iko ufukweni. Zoezi likiangukia siku za giza utawapata wachache, waliochoka, wenye hasira, na watakuwa na haki, kwa sababu umewakatia riziki ya usiku mzima. Lipeni petroli yao na muda wao, tena mlipe siku hiyo hiyo. Msije mkamwambia mvuvi asubiri hundi.

Kisa cha kuigiza

Chagua tukio dogo linalolazimisha nchi zishikane mikono. Watu hupenda meli kubwa yenye abiria mia tano, moto na mafuta kumwagika, vyote asubuhi moja. Sipendi. Tukio kubwa mno humpa kila mtu kisingizio: "hali ilikuwa ngumu." Tukio dogo halimfichi mtu. Kisa changu nikipendacho ni mtumbwi wa injini wenye abiria kumi na wanane uliotoka kisiwa cha Goziba, injini ikazima, upepo ukausukuma kaskazini. Mpaka wetu na Uganda majini ni mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na pale hakuna boya wala kigingi. Mtumbwi umevuka bila mtu kujua. Nani anaongoza sasa? Boti ya Tanzania ikifika kwenye mstari isimame? Nani ampigie nani, na ruhusa itolewe na mtu wa cheo gani saa tisa za usiku?

Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Sisi tunamiliki karibu nusu yake, Uganda inafuata kwa ukaribu, Kenya ina kipande kidogo. Upepo hauna habari na mgawo huo.

Lichezeni kwanza mezani, ramani katikati, kila nchi na simu zake, kabla hamjagusa maji. Zoezi la mezani likikwama, la majini halitakwamuka. Na kama maafa unayoyaogopa ni ugonjwa, kanuni ni hizo hizo: Juni 2019 Kenya na Tanzania zilifanya zoezi la mpakani pale Namanga kuhusu homa ya Bonde la Ufa, watu wa afya wakiwa bega kwa bega na watu wa mifugo. Machi 2023 Kagera ilipotangaza Marburg, mkoa ulio jirani na Uganda, Rwanda na Burundi, hapakuwa na muda wa kuanza kutafutana namba.

Saa ngapi, na wapi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoona mambo mengi yakiharibika, na hakuna anayeliandikia bajeti.

Zoezi moja la nchi tatu lilikuwa na boti ya kutoka Kenya, ya kwetu na ya Uganda. Ujumbe wa kupanga ulisema: "Boti zikutane 8:00." Basi. Nahodha wa Kenya akasoma saa mbili asubuhi. Nahodha wetu, mtu mzima aliyesoma saa kwa Kiswahili tangu kuzaliwa, akasoma saa nane mchana. Na mtu akiandika "saa 8:00 mchana" kwa Kiswahili hajakosea, ndivyo tunavyoandika. Mwenzetu alielea majini asubuhi nzima akiita redioni, wetu yuko nyumbani anakula ugali. Baadaye ndipo nikajua kwamba Waganda nao wanahesabu saa kama sisi kwa Kiganda, ila wakiingia kwenye Kiingereza wanageuza. Ongeza wenzetu wa Rwanda na Burundi, ambao saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja: Mwanza ikiwa saa mbili asubuhi, Kigali ni saa moja. Ongeza na watu wa ndege, wanaoandika kila kitu kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Hizo ni saa tatu za ukutani na namna mbili za kuhesabu, kwenye chumba kimoja.

Dawa yake tuliipata nasi tunaishika kama amana. Kila ujumbe unaandika saa kwa tarakimu nne na kuirudia kwa maneno: "1400, saa nane mchana, saa za Mwanza." Ukikosa moja ya hizo tatu, anayepokea anaurudisha ujumbe, hata kama aliyeutuma ni kanali. Ukutani tunatundika saa tatu zenye majina ya miji chini yake.

Mahali nako kuna mtego. Simu ya mkononi inakupa latitudo kama 2.52 kusini. Mtu wa meli amezoea nyuzi na dakika. Akisoma hiyo 2.52 kama nyuzi 2 na dakika 52, amekosea, kwa sababu 2.52 ni nyuzi 2 na dakika 31 tu. Kwenye karatasi ni nukta ndogo. Majini ni maili za baharini ishirini na zaidi, kama kilomita 38. Uliyekuwa unamtafuta mbele ya Mwanza, umemhamishia kusini upande wa Misungwi. Chagueni namna moja, muiandike juu ya kila fomu, na mpokeaji asome kwa sauti: "nyuzi mbili, nukta, tano, mbili." Neno "nukta" lisirukwe kamwe.

Namba za simu pia. Namba fupi kama 114 ni za nchi moja. Simu ya mvuvi ikinasa mtandao wa jirani, hiyo 114 yako haiko tena. Orodha ya zoezi iwe na namba ndefu, zenye +255, +254 au +256 mbele, na kila ofisi itoe namba mbili za watu wawili tofauti. Namba ya ofisi inayopokelewa saa za kazi tu usiihesabu.

Redioni, chaneli 16 ya VHF muiache wazi kwa dharura za kweli. Hamieni chaneli nyingine ya kazi, na kila wito uanze na "majaribio, majaribio, majaribio".

Vifaa mpakani

Fupi: andika barua mapema. Tumewahi kuona redio za mkononi na mitungi ya wazamiaji ikilala siku mbili mpakani, wenyewe wakiwa wameshavuka, kwa sababu hakuna aliyeorodhesha namba za vifaa. Orodha yenye namba ya kila kifaa, barua ya nchi mwenyeji, na mtu wa forodha aliyekaa nanyi tangu kikao cha kwanza. Huyo wa forodha akiwa mshiriki, siku ya maafa atajua kwa nini lori la blanketi halipaswi kusimama.

Siku yenyewe

Nikueleze kuhusu binti mmoja wa chuo. Alijitolea kuigiza majeruhi, akapewa kadi ya kijani shingoni, maana yake anatembea na anaweza kusubiri. Mgeni rasmi alichelewa, hotuba zikafuatana, na majeruhi wetu wakawa wamelala juu ya mchanga na mawe ya ufukweni, jua la saa sita utosini, wakiwa wamevaa majaketi ya kujiokolea. Binti akaanza kutapika. Mhudumu aliyekuwa karibu akampigia makofi: "Unaigiza vizuri sana!" Akatapika tena, macho yakageuka. Mwenzake wa kadi nyekundu, aliyetakiwa kuwa hajitambui, ndiye aliyeinuka na kupiga kelele kwamba huyu anaumwa kweli. Tulimnywesha maji, tukampoza kivulini, akapona. Lakini zile dakika za makofi ninazo mpaka leo.

Tangu hapo hakuna zoezi ninalolisimamia bila neno la kusimamisha. Letu ni HALISI. Anayeliona jambo la kweli, awe mpishi au jenerali, anasema "halisi, halisi, halisi" na kupuliza filimbi mara tatu ndefu, na kila kitu kinasimama pale pale, boti zinapunguza mwendo, watu wanatazama alipo. Waganda na Wanyarwanda wasiojua Kiswahili tunawafundisha neno hilo moja asubuhi, wanalitamka kwa pamoja mara tano. Na boti moja yenye mzamiaji na mhudumu wa afya haishiriki zoezi hata kidogo. Imekaa kwa ajili ya ukweli tu. Bajeti ikibana, kata chakula cha wageni, boti hiyo usiiguse.

Mgeni rasmi mpangie saa ya kufunga, jioni, kila kitu kikiwa kimekwisha. Akitaka lazima afungue, afungue ukumbini siku iliyotangulia. Sisemi hivi kwa kukosa adabu. Viongozi wetu tunawahitaji, hasa kwenye ile saa ya usiku ruhusa inapotafutwa, na huko ndiko ninakowapa kazi: kiongozi mwenye mamlaka ya kuruhusu boti ivuke awe mshiriki, apigiwe simu kweli, aulizwe, ajibu.

Na lazima sehemu ya zoezi iwe usiku. Kule Ukara mwaka 2018 giza lilipoingia kazi ilisimama mpaka kulipokucha, na siku mbili baada ya kivuko kupinduka fundi mitambo alitolewa akiwa hai ndani yake. Nikikumbuka hilo siwezi kukubali zoezi la saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Ziwa letu lina tabia ya kuamsha dhoruba usiku na alfajiri. Ombeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi na jioni, na mkubaliane mapema upepo wa kiasi gani unaahirisha. Anayeamua kuahirisha awe mmoja, na asiulizwe na mtu.

Posho na tathmini

Posho huleta kinyongo kuliko jambo lolote. Afisa wa nchi hii analipwa hivi, mwenzake wa cheo hicho hicho kutoka nchi ile mara mbili yake, wanalala hoteli moja. Siwezi kubadili viwango vya serikali. Ninachofanya ni kuweka chakula, malazi na usafiri sawa kwa wote, na kusema viwango wazi kabla watu hawajafunga safari, ili asiwepo wa kugundua kwenye foleni.

Tathmini ya papo kwa papo ifanyike jioni ile ile, kabla ya kusaini posho. Baada ya kusaini utabaki na viti vitupu. Mpange mazungumzo kuanzia chini: aanze mvuvi, afuate baharia, mhudumu wa afya, mpokea simu, wakubwa wawe wa mwisho. Mkubwa akianza, wote watakubaliana naye. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, kijana wa mtumbwi kutoka Igombe alisema sentensi moja: "Boti kubwa ilipita kasi karibu yetu, wimbi lake likatumwagia majeruhi wawili majini." Hakuna mtathmini hata mmoja aliyeliandika hilo, na walikuwa kumi na wawili wenye kalamu. Leo boti kubwa inapunguza mwendo ikikaribia mitumbwi, imo kwenye mwongozo.

Kila kasoro iandikwe na mtu wake na tarehe yake. "Mawasiliano yaboreshwe" si kitu. "Mwenye zamu wa Musoma apewe namba ya zamu ya Kisumu, ajaribu kupiga kabla ya tarehe 15" ni kitu. Mwanza imechaguliwa kuwa na kituo cha kikanda cha kuratibu uokoaji, kupitia Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao yake Kisumu, na ninafurahi kwa moyo wote. Majengo na mitambo vitasaidia sana. Ila mtambo hupiga namba uliyoiandika wewe, na watu huhamishwa vituo kila mara.

Ndiyo maana Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, baada ya chai, nachukua daftari langu la jalada jekundu na kupiga namba zote, nchi zote. Najitambulisha, nasema ni majaribio, namuuliza aliyepokea: boti imepinduka nyuzi 1 kusini, wewe unafanya nini sasa hivi? Mwezi uliopita namba mbili hazikupatikana, na ya tatu ilipokelewa na mwanafunzi wa shule aliyeuziwa laini hiyo. Nimeshamwandikia mkuu wa ofisi ile, na kesho asubuhi nitaipiga namba mpya aliyonipa. Keshokutwa nitaipiga saa tisa usiku.